Isaac Hayumo

Kila mpenzi wa gemu ana mhusika anayemsubiri. Wangu ni Isaac wa Golden Sun, na nimemsubiri kwenye Super Smash Bros., mchezo wa mapigano wa Nintendo unaowakutanisha wahusika wa gemu mbalimbali, kwa miaka mingi kiasi kwamba kumsubiri kumekuwa sehemu ya namna ninavyoupenda mchezo wenyewe. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu mnaosubiri, awe mnayemsubiri ni Waluigi, Geno, au shujaa wa gemu ambayo watu wengi wameshaisahau. Kusubiri huku kuna utamu wake, na kuna mahali panapogeuka sumu. Kwa muda mrefu nimekuwa nikipatafuta mahali hapo.

Kwanza nimtambulishe. Golden Sun ilitoka mwaka 2001 kwenye Game Boy Advance, ikiwa kazi ya kampuni ya Camelot. Isaac ni kijana kutoka kijiji cha Vale, ana skafu ya njano shingoni, na ana nguvu inayoitwa Psynergy. Katika nguvu zake zote, ninayoipenda zaidi ni ile ya kusukuma. Nguzo ya mawe imeziba njia. Isaac anasimama, ananyoosha mkono, na hewani unatokea mkono mwingine mkubwa wa mwanga unaoisogeza nguzo taratibu mpaka njia inafunguka. Sasa fikiria mchezo wa Smash, ambao ushindi wake ni kumtoa mwenzako nje ya jukwaa. Kijana mwenye kipaji cha kusukuma, kwenye mchezo wa kusukumana. Mtu angewezaje asimtamani?

Masahiro Sakurai, mwongozaji wa mfululizo wa Smash, aliuona mkono huo pia. Mwaka 2008, toleo la Smash liitwalo Brawl lilipotoka, Isaac alikuwemo, ila kama msaidizi: unaokota kifaa, anatokea, anawasukuma wapinzani kwa ule mkono, kisha anaondoka zake. Kwenye toleo la mwaka 2014 hakuwemo kabisa. Toleo la Ultimate lilipokuja mwaka 2018 alirudi, kwenye nafasi ileile ya msaidizi. Wasiomjua watasema si haba. Sisi tunaomjua tunaelewa maana ya kumwona mtu wako akiingia jukwaani sekunde chache bila wewe kuweza kumwongoza.

Hata hivyo tumaini lilikuwa na msingi. Little Mac alikuwa msaidizi kwenye Brawl, na mwaka 2014 akawa mpiganaji kamili. Ridley, adui wa gemu za Metroid, alipingwa miaka mingi kwa hoja kwamba ni mkubwa mno, na kwamba ukimpunguza si Ridley tena. Juni 2018, kwenye maonyesho ya gemu ya E3, akatokea gizani na mkia wake, na trela ikaisha ameshika kofia ya Mario. Miezi miwili baadaye akatangazwa King K. Rool, adui wa Donkey Kong. Mashabiki waliokuwa wakiambiwa kwa miaka kwamba wanaota walilia kwa furaha, na haki yao. Kwa hiyo simwambii mtu aache kutumaini. Historia ya mchezo huu imejaa watu waliotumaini jambo lililoonekana haliwezekani, wakalipata.

Shida inaanza na tetesi.

Oktoba 2018, wiki chache kabla ya Ultimate kutoka, ilisambaa picha iliyoonekana kama imepigwa kwa siri mahali panapochapishwa matangazo. Ilionyesha bango la wapiganaji wote wa Smash, na katikati yao nyuso mpya: Banjo na Kazooie (dubu na ndege wake), Geno, Shadow, Ken, Mach Rider, Chorus Kids. Na Isaac. Pembeni ya bango kulikuwa na vifaa vya matangazo ya filamu ya Grinch, ambayo kweli ilikuwa inakaribia kutoka, na ndiyo maana mpaka leo picha ile inaitwa uvujaji wa Grinch. Mashabiki walijiuliza, na kwa akili tu: mtu wa kughushi angevipata wapi vifaa vya filamu ambayo bado haijatoka?

Picha ilichunguzwa kama ushahidi wa mahakamani. Watu walipima vivuli, wakalinganisha rangi, wakahesabu vichwa. Nilitamani iwe ya kweli kwa namna ambayo naikumbuka mwilini, tumbo likikaza kila nilipoifungua. Na hapo ndipo penye jambo ninalotaka tulitazame vizuri. Ndani ya siku chache Isaac aliacha kuwa mtu ninayemtaka, akawa mtu niliyeshampata. Nilishaanza kuwaza rangi za mavazi yake, na muziki gani wa Golden Sun ungepigwa kwenye jukwaa lake. Watu wengi mitandaoni walikuwa hapohapo nilipo. Tulikuwa tumehama kutoka kwenye kutaka hadi kwenye kumiliki, na hakuna aliyetangaza kwamba tumevuka mpaka.

Novemba 1, 2018, Nintendo ikarusha matangazo ya mwisho kabla ya Ultimate. Wakatangazwa Ken na Incineroar, kisha Piranha Plant kama nyongeza ya baadaye. Basi. Bango la Grinch lilikuwa na Ken, lakini halikuwa na Incineroar, kwa hiyo lilikuwa la kughushi. Kumpatia Ken hakukuhitaji siri yoyote: Ryu alishakuwemo tangu 2015, na Ken ni pacha wake wa kimapigano ambaye yeyote angemkisia.

Kilichoniuma zaidi kilikuja baada ya pale. Incineroar ni Pokémon mcheza mieleka, mwenye mbwembwe, anayejionyesha kwa watazamaji kila anapompiga mtu. Ametengenezwa kwa upendo unaoonekana. Mahali fulani kulikuwa na mtoto ambaye Incineroar ndiye Isaac wake, na siku yake ya furaha iliangukia katikati ya maelfu ya watu waliokuwa wakiandika kwamba wamedhulumiwa. Piranha Plant alipata matusi zaidi, eti ua limechukua nafasi ya fulani. Lakini hakukuwa na nafasi iliyochukuliwa. Ni sawa na mtu aliyetandika chumba kwa ajili ya mgeni ambaye hakuahidi kuja, halafu anamkasirikia mgeni aliyebisha hodi kwa kuwa si yule. Chumba tulikitandika sisi wenyewe, vichwani mwetu.

Tangu hapo nimejifunza kuuliza mambo mawili kila tetesi inapozuka. Je, kuna kitu ndani yake ambacho mtu asingeweza kukikisia? Na je, inanipa hasa kile ninachokitaka? Jibu la swali la pili likiwa ndiyo, huwa naongeza tahadhari maradufu, kwa sababu waghushi wanajua tunataka nini. Orodha ya Grinch ilikuwa karibu ni orodha ya maombi yetu.

Hili si jipya. Aprili 2002, jarida la Electronic Gaming Monthly lilichapisha, kama utani wa Sikukuu ya Wajinga, kwamba ukiwaangusha wapinzani 20 kwenye Cruel Melee utawafungua Sonic na Tails ndani ya Melee, toleo la Smash lililotangulia Brawl. Cruel Melee ni hali ya mchezo ambayo hata kuwaangusha watano ni kazi ya jasho. Watu walijaribu. Jarida hilohilo, miaka kumi nyuma, lilikuwa limewatuma wachezaji wa Street Fighter II kumsaka Sheng Long, mpiganaji wa siri ambaye hakuwepo.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na gemu zina kisa kimoja ambacho kinaitetea kauli hiyo kikamilifu. Kwenye mashine za Mortal Kombat ya mwaka 1992, katika kurasa za takwimu za ndani, kulikuwa na neno ERMACS, kifupi cha kitaalamu kilichohusu hitilafu za programu. Wachezaji wakaliona, wakaamini kuna ninja mwekundu aliyefichwa, jina lake Ermac. Hakuwepo. Lakini uvumi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1995, kwenye Ultimate Mortal Kombat 3, watengenezaji wakamtengeneza kweli, na amebaki kuwa mmoja wa wapiganaji wanaopendwa. Na Sonic, aliyekuwa utani mwaka 2002, aliingia Brawl mwaka 2008. Ninavipenda visa hivi. Vinaonyesha kwamba sauti ya mashabiki inafika. Ila tazama jinsi inavyofika: kwa miaka, kwa njia ndefu, kwa uamuzi wa watu wengine, na katika mchezo mwingine kabisa.

Watu hao wengine ndio tunaowasahau. Wakati wa Ultimate, lawama zote zilimwendea Sakurai, kana kwamba anakaa peke yake na kalamu na kuwakata vipenzi vyetu. Lakini Novemba 2018 yeye mwenyewe alieleza kwamba wapiganaji wa kifurushi cha nyongeza walichaguliwa na Nintendo. Kazi yake ilikuwa kuangalia kama anaweza kuwabuni wakafaa, kisha kupanga jinsi ya kuwatengeneza. Nyuma ya hapo kuna wenye haki zao. Banjo ni mali ya Microsoft tangu ilipoinunua kampuni ya Rare, iliyomtengeneza, mwaka 2002. Geno, aliyetokea kwenye Super Mario RPG mwaka 1996, yuko chini ya Square Enix. Kwa Sora, shujaa wa Kingdom Hearts, kulikuwa na Disney pia. Kila jina ni mazungumzo ya mikataba ambayo hatutayasikia kamwe, na baadhi yanakufa kimya.

Halafu kuna kazi yenyewe. Watu hudhani mpiganaji ni umbo na mapigo kadhaa. Mfano ninaoupenda kuueleza ni Steve wa Minecraft, aliyetangazwa Oktoba 1, 2020. Steve anaweka matofali hewani na kusimama juu yake. Kwa sababu hiyo moja tu, ilibidi timu irudi kwenye majukwaa yote ya mchezo na kuyarekebisha ili yakubali kuwekewa matofali. Majukwaa yote, yakiwemo yale ya tangu siku ya kwanza. Mwaka huohuo, kutokana na janga la korona, Sakurai alikuwa akirekodi maonyesho ya wapiganaji nyumbani kwake. Nikikumbuka hilo siwezi kusoma maneno kama "wavivu" au "hawatujali" bila kukereka.

Kuna watakaosema: mbona tulipiga kura? Ni kweli, na habari ya kura ile inafaa kusimuliwa yote. Kuanzia Aprili hadi Oktoba 2015, Nintendo iliwaomba mashabiki wa dunia nzima wapendekeze mpiganaji. Desemba akatangazwa Bayonetta, kwa maelezo kwamba ndiye aliyeongoza miongoni mwa wale ambao upatikanaji wao uliwezekana. Wengi hawakuamini. Wakasema kura imechakachuliwa, na jina la Bayonetta likabebeshwa shutuma ambazo hakustahili. Oktoba 5, 2021, alipomtangaza mpiganaji wa mwisho kabisa wa Ultimate, Sakurai akafunua kwamba aliyeongoza kura ile yote alikuwa Sora. Miaka sita. Nintendo haikuwa imedanganya mwaka 2015, kwa kuwa ilisema wazi "miongoni mwa wanaowezekana". Sora hakuwezekana wakati ule, na hakuna ghadhabu ya mitandaoni ambayo ingeharakisha mkataba wake. Mashabiki wake waliokuwa wameendelea tu kusema kwa utulivu "tunamtaka Sora" walimpata sawasawa na wale waliotukana. Tofauti yao ni jinsi walivyoiishi miaka hiyo sita.

Wengine hawakumpata wao. Mashabiki wa Geno walipewa vazi tu la kumvisha Mii, mpiganaji unayemtengeneza mwenyewe, mwaka 2016, na Desemba 2020, pamoja na ujio wa Sephiroth, wakapewa vazi tena. Waluigi, aliyezaliwa kwenye Mario Tennis mwaka 2000, ameendelea kuwa msaidizi mchezo baada ya mchezo. Na katika nyongeza zote za Ultimate hakuna msaidizi hata mmoja aliyepandishwa kuwa mpiganaji. Isaac wangu yumo kwenye hesabu hiyo. Orodha ilifungwa na wapiganaji 89, na yeye hayumo.

Iliniuma. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na sioni sababu ya mtu kujifanya haumii eti kwa kuwa ni gemu tu. Ukimpenda mhusika tangu utotoni, ukijua muziki wake kwa moyo, kumkosa ni huzuni halali. Sikubaliani kabisa na ushauri wa "usitarajie chochote ili usiumie". Anayetoa ushauri huo hajawahi kupenda kitu cha namna hii. Kutotarajia chochote kunaua na furaha pia, na furaha hiyo nimeiona ilivyo.

Niliiona Juni 2019, trela ya Banjo ilipotoka. Donkey Kong, Diddy na King K. Rool wamo nyumbani. Nje kinaonekana kipande cha fumbo cha dhahabu. Wanakimbilia dirishani na kuona kivuli cha dubu na ndege mgongoni, kumbe ni yule mbwa wa Duck Hunt na bata wake, wanacheka. Kisha Banjo na Kazooie wa kweli wanatua. Mimi na Banjo hatuna historia. Sikuwahi kumaliza hata gemu yake moja. Lakini nilitazama video za mashabiki wake wakiitazama trela ile kwa mara ya kwanza, watu wazima waliocheza Banjo-Kazooie mwaka 1998 wakiwa wadogo. Pale kivuli kinapogeuka kuwa mbwa, nyuso zinasinyaa. Sekunde mbili baadaye mtu anaruka kitini na kuziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nililia pamoja nao. Na nikagundua kwamba tangu Novemba iliyotangulia sikuwa nimejiruhusu kufurahia mpiganaji yeyote mpya, kwa kuwa kila mmoja nilimpima kwa kitu kimoja: kwamba si Isaac.

Baada ya siku ile nilibadili namna ninavyotazama matangazo. Siendi na orodha. Nikiona sura nisiyoijua, kama nilivyomwona Min Min mwaka 2020, naitafuta gemu aliyotoka kabla sijasema neno. Byleth alipotangazwa Januari 2020, mitandao ilijaa manung'uniko kwamba Fire Emblem ina watu wengi mno na panga ni nyingi mno. Manung'uniko hayo yana hoja, na kuyasema si kosa. Kinachotofautisha ni unayemwelekezea. Kusema "ningependa aina nyingine za wapiganaji" ni maoni. Kumwandikia matusi mtu aliyetumia miezi akichora mwendo wa upinde wa Byleth ni ukatili.

Na Isaac namdai kwa njia nyingine. Januari 2024, Golden Sun pamoja na mwendelezo wake, The Lost Age, ziliingia kwenye huduma ya Nintendo Switch Online. Nimeicheza tena. Nimewaonyesha wadogo zangu ule mkono unaosukuma nguzo, na mmoja wao sasa anamjua Isaac kama shujaa wa safari ndefu, wala hamjui kama mtu aliyeachwa nje ya Smash. Hilo limenipa raha ambayo sikuitegemea. Kwa muda mrefu nilikuwa nimemgeuza kuwa jina kwenye orodha ya madai, wakati gemu yake ipo, kamili, inanisubiri mimi.

Sasa kuna jambo linalokuja ambalo naona hatujajiandaa nalo. Ultimate ilirudisha kila mpiganaji aliyewahi kuwemo tangu wale 12 wa mwaka 1999, na Sakurai amewahi kutahadharisha kwamba kulirudia hilo ni vigumu mno. Smash nyingine itakapokuja, gumzo halitakuwa tu nani kaingia. Litakuwa nani katolewa. Tumewahi kuyaona: Mewtwo na Roy waliachwa Brawl ilipotoka, Ice Climbers wakaachwa mwaka 2014 kwa sababu uwezo wa kifaa cha Nintendo 3DS haukuwatosha. Safari ijayo wanaweza kuwa wengi zaidi, na kila mmoja wao ni mpiganaji ambaye mtu fulani amemchezea miaka yote, anajua kila pigo lake, ameshinda naye na kushindwa naye. Huzuni ya watu hao itakuwa nzito kuliko yangu ya Isaac, kwa kuwa wao walikuwa naye mkononi. Ninachowaomba wenzangu ni kwamba siku orodha hiyo itakapotangazwa, tusiwe wa kwanza kuwacheka wala kuwaambia wahamie kwa mpiganaji mwingine. Tuwaulize walimpendea nini, na tuwaache waeleze mpaka wamalize.